Nyota ya Tatu ya Kulinganishia

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumanne, nilipoona kwamba nyota yangu ya tatu imehama.

Nilikuwa katika kibanda changu cha ufundi wa cherehani, Ng'ambo, Tabora. Mezani palikuwa na cherehani ya mteja niliyokwisha kuifungua, na kompyuta ndogo yenye picha za galaksi moja, nilizozichukua mtandaoni na kuzichunguza kwa kupenda tu. Ndani ya galaksi ile kuna kitu kinachotoa eksirei kwa ukali usio wa kawaida. Wataalamu hudhani kwamba ni shimo jeusi, au mabaki ya nyota iliyokufa, linalonyonya gesi ya nyota iliyo pembeni yake. Darubini ya eksirei hukionyesha kama doa tu. Ili kuijua nyota inayonyonywa, lazima uitafute katika picha ya mwanga wa kawaida, na huko nyota zimesongamana kama mtama uliomwagika.

Njia yenyewe ni kulaza picha moja juu ya nyingine. Unatafuta vitu vinavyoonekana katika zote mbili, unavitumia kama pini za mshonaji anayebandika karatasi ya mkato juu ya kitambaa. Nilikuwa na pini tatu tu. Nilipima kwa miezi minane, na duara la makisio, yaani eneo ambamo nyota hiyo inapaswa kuwamo, likaangukia nukta moja ya buluu. Mtaalamu mmoja wa nje ya nchi, mama ambaye sijawahi kuonana naye, alikubali kuiweka katika orodha ya vitu vitakavyotazamwa na darubini kubwa. Orodha ingefungwa siku ile saa sita mchana. Aliniandikia kwamba nafasi ni moja, nihakiki kwa mara ya mwisho.

Nilihakiki kwa picha ya zamani zaidi, na pini ya tatu haikuwa mahali pake. Daftarini niliiandika kuwa galaksi ya mbali. Kumbe ni nyota ya karibu, na nyota za karibu husogea mwaka hadi mwaka. Kati ya picha ya eksirei na ile ya mwanga ilipita miaka tisa. Vipimo vyangu vilikuwa vimenionya: pini hiyo ilikosea zaidi kuliko zile nyingine mbili, nami niliandika pembeni, "ukungu wa picha." Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuipenda nukta ya buluu.

Niliiondoa pini, nikaanza kupima upya. Nilikaa, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Saa tano kasoro robo akaingia mwenye cherehani, mama anayeshona sare za kwaya. Nilikuwa nimemwahidi saa tano kamili. Alitazama vyuma vilivyotawanyika, kisha kioo cha kompyuta.

"Fundi, hizo nyota zako ndizo zitakazonishonea makola?"

Nilimwomba anivumilie mpaka saa sita.

"Waumini wanaimba Jumapili, baba. Hawaimbi ukimaliza kuhesabu mbingu."

Mikono ilijua kufunga mashine ile kwa nusu saa. Macho hayakutaka kutoka kwenye duara. Nilimfungia vyuma vyake katika mfuko, akamwita kijana wa mkokoteni, akaipeleka cherehani kwa fundi mwingine. Alipofika barabarani bado alikuwa akiongea.

Duara jipya lilisogea kwa upana wa sarafu inayotazamwa kutoka kilomita kumi. Ilitosha. Nukta ya buluu ilibaki nje. Ndani ziliingia nukta mbili hafifu, nyekundu, na kwa pini mbili sikuweza kuchagua mojawapo. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akijua, na jina langu lingekuwa kwenye ombi lile angalau mpaka darubini igeuzwe kutazama nyota isiyohusika.

Bando la intaneti likakata nikiwa katikati ya kumwandikia yule mtaalamu. Nilikimbia dukani, nikanunua jingine, nikatuma saa tano na dakika arobaini na moja. Niliandika kosa lilipo na namba zake, bila maelezo marefu.

Mtaalamu alijibu kabla ya saa sita. Alinishukuru, akasema amekiondoa kitu chetu katika orodha na nafasi amempa mwombaji mwingine. Tungejaribu tena tukipata pini ya kuaminika.

Ufundi wa cherehani ile ulikuwa shilingi elfu thelathini na tano, na bando elfu tatu. Nilipoteza shilingi elfu thelathini na nane.