Sketi Inayoonyesha Miguu

Karakana ninayofanyia kazi iko Al Quoz, hapa Dubai, kati ya ghala la vigae na gereji ya kupaka magari rangi, na apitaye nje hawezi kudhani kwamba ndani yake hushonwa mavazi ya baleti. Nilifika hapo kutoka Morogoro nikiwa na stashahada ya ubunifu wa mavazi na imani moja niliyoitetea chuoni hata wenzangu wakachoka kunisikiliza: kwamba nguo inapaswa kuutumikia mwili unaoivaa kabla ya kuyafurahisha macho yanayoutazama. Kwa hiyo nilipokabidhiwa tutu kwa mara ya kwanza, ile sketi ya neti inayosimama kiunoni kama sahani, niliiona kuwa ubatili mtupu. Matabaka kwa matabaka ya neti, marinda yake yamekusanywa kwa mkono, ili mtu azunguke jukwaani kwa muda mfupi kisha avue.

Historia ndiyo iliyonigeuza, nami niliisoma kidogo kidogo wakati wa chakula cha mchana. Zamani, wanawake waliocheza mbele ya wakubwa wa Ulaya walivaa magauni mazito yaliyoburura sakafuni, na ustadi wao wote ukamezwa na kitambaa. Akatokea mmoja aliyethubutu kupandisha pindo juu kidogo ya vifundo vya miguu, na watu wakalisema jambo hilo kana kwamba amevunja amri. Karne ya kumi na tisa ikaleta sketi nyeupe yenye umbo la kengele, iliyoishia chini ya magoti, nyepesi kiasi kwamba taa za gesi za jukwaani ziliwahi kuiwasha moto pamoja na aliyeivaa. Wachezaji walipozidi ustadi, sketi ikafupishwa tena, mpaka ikafikia umbo la sahani tunalolijua. Kila mara mkasi ulipita kwa sababu moja: miguu ilikuwa na la kusema, na nguo ilikuwa inaizuia.

Baadaye wabunifu wa mitindo waliyachukua matabaka hayo wakayahamishia kwenye magauni ya karamu na ya harusi. Leo ukipita Marina utamwona msichana amevaa sketi ya neti, raba na jaketi la jinzi, anakula aiskrimu, wala hajui kwamba amevaa mjukuu wa tutu. Hata wale watoto wetu wanaomtangulia bibi harusi wakimwaga maua, vigauni vyao vilivyotuna vimetoka huko huko.

Nilikuwa nikiyasimulia haya chumbani kwetu Discovery Gardens, na msikilizaji wangu alikuwa mwenzangu wa chumba, Mkenya kutoka upande wa Kitale, mlinzi katika mnara mmoja wa Marina. Alikuwa akisikiliza huku anafungua kamba za buti. Alikuwa amechumbiwa, na harusi ilikuwa inakaribia.

“Basi mimi nataka hiyo ya kengele,” akasema. “Ile ya kuishia hapa.” Akajigusa chini ya goti.

Hakuwa akitania. Kwao, bibi harusi huingia kanisani kwa kucheza, hatua kwa hatua, na wanaomsindikiza wakimfuata. Mama yake ndiye aliyekuwa akiwafundisha maharusi wa kwao hatua hizo, na yeye alizijifunza kabla hajaenda shule. Mama hangeweza kuja Dubai. Angetazama kwa simu.

“Uso naweza kuupaka poda nicheke,” akaniambia. “Mama hataamini uso. Akiona miguu yangu, atajua kama niko sawa.”

Kikwazo kilikuwa shangazi wa mchumba wake. Mama huyu ameishi Dubai miaka mingi akilea watoto wa familia moja, na kwa kuwa wazazi wa pande zote mbili wako mbali, yeye ndiye aliyekalia kiti cha wazee wote. Neno lake kuhusu gauni lilikuwa limeshatolewa: bibi harusi wa ukoo wao hufagia sakafu.

“Wewe shona refu, lakini kipande cha chini ukishikize tu kwa uzi,” mwenzangu akanishauri. “Asubuhi ya harusi tunavuta uzi, khalas. Atafanya nini, atanirudisha Kitale?”

Nilikataa. Pengine nilikataa kwa hotuba ndefu kuliko ilivyohitajika, maana alijifunika shuka kichwani kabla sijamaliza. Lakini nilimaanisha. Ikiwa miguu yake ilikuwa na haki ya kuonekana, basi ilikuwa na haki ya kuonekana kwa ukweli. Sikutaka ndoa ianze kwa kumzunguka mzee, na sindano yangu ikiwa imeshiriki.

“Sawa, Mwalimu,” akasema kutoka ndani ya shuka. “Lakini ukimwambia wewe na akatae, mimi nitaingia kanisani kama mtu anakanyaga tope.”

Madam wetu wa karakana alitupatia neti iliyobaki kwenye kazi ya onyesho moja na kuniruhusu kutumia meza siku ya mapumziko. Nililishona gauni kwa utaratibu wetu. Sisi pindo la sketi ya kuchezea hatulikati mezani. Sketi huachwa ndefu hadi mwisho, mvaaji huivaa, hucheza kidogo, na hapo ndipo mkasi huzunguka, kwa sababu kila mwili huinua nguo kwa namna yake. Kwa hiyo shangazi alipofika kukagua, alikuta gauni bado linafagia sakafu, na mwenyewe amesimama ndani yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nyinyi Watanzania mtatumaliza na heshima.” Akalizunguka gauni, akaligusa kiunoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Hii sasa ni gauni. Iache hivyo hivyo.”

Nilimweleza kwamba pindo halijakatwa, na kwamba mwenye gauni angependa lipande. Nikamsimulia na juu ya wale wachezaji wa zamani, na yule wa kwanza aliyeonyesha vifundo.

“Na huyo alikuwa na mama mkwe?” akauliza.

“Sijui, mama.”

“Ndiyo hiyo. Hukusoma yote.”

Mwenzangu alicheka, kisha akaomba acheze kidogo ili pindo lipimwe, akaanza hatua. Ya tatu ikakanyaga neti. Akayumba, akajishika kwenye meza.

“Inua kwa mikono,” shangazi akamwelekeza.

“Na mikono nitapunga na nini, Anti? Nitaingia kama nimebeba nguo za kufua?”

“Sisi tuliingia na marefu na hakuna aliyeanguka. Ngoja nikuonyeshe. Watoto wa siku hizi mnacheza na mabega pekee.”

Akaweka mkoba wake juu ya cherehani. Alikuwa amevaa gauni refu la kitenge. Akavuta pumzi, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, akaja kutoka mlangoni akielekea kwenye meza, na nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimeshika pini. Miguu yake ilikuwa myepesi, inagusa na kuondoka kama inayosalimiana na sakafu. Na tangu hatua ya kwanza, bila kufikiri, alikuwa amelishika gauni kwa vidole vya mikono yote miwili na kulipandisha hadi chini ya magoti.

“Anti,” mwenzangu akasema polepole, “mbona umeinua?”

Shangazi akasimama. Akaitazama mikono yake. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomfanya atafute kiti.

“Wewe mtoto una maneno.” Akafuta macho. “Sasa ningekanyaga?”

Alikaa hapo kidogo akihema, akiiangalia miguu yake. Halafu akainuka, akapiga magoti kwa taabu mbele ya bibi harusi na kuweka kiganja kwenye muundi wake, chini sana kuliko nilivyotarajia.

“Hapa.”

“Juu kidogo, Anti.”

Kiganja kikapanda kidogo. “Hapa, na nimekuongeza nyanya moja kama sokoni. Yalla, Mwalimu, kata kabla sijabadilisha akili.”

Nikakata. Neti ilianguka pembeni kama maganda, na shangazi alizunguka nami kwa magoti, akinionyesha mahali pindo lilipopanda na lilipoteremka. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia kazi yoyote iliyopanda jukwaani.

Siku ya harusi shangazi ndiye aliyeshika simu. Aliishusha chini sana, karibu na zulia, hata mpiga picha akalazimika kumpisha, na kwa muda mrefu mama wa Kitale hakuona uso wa mtu yeyote. Aliona viatu vyeupe na neti ikipanda na kushuka. Kanisa liliimba. Baada ya ibada tulikusanyika uani kumsikiliza, na bibi harusi akaiweka simu sikioni, kisha, kwa sababu ya kelele, akafungua spika.

“Mama, umeona?”

“Nimeona. Mguu wa kushoto bado unachelewa.”

Bibi harusi akamrudishia shangazi simu, akampa mumewe maua ayashike, akarudi hadi kwenye lango la ua, akaanza tena.