Mtakatifu Drustika na Toba ya Talorg

Drustika alizaliwa Aberluga, mto unapoingia bahari ya kaskazini, yapata mwaka 821, katika ukoo wa Wapikti, wenyeji wa kale wa pwani ile, waliohesabu nasaba kwa upande wa mama. Alikuwa mwali bado watu wa meli, maharamia wa ng'ambo ya bahari, walipotua, wakaichoma nyumba ya watawa na kumwua kaka yake, Uven, mbele ya altare. Drustika aliwazika wafu, akaweka nadhiri ya kutoolewa, akajenga kijumba cha mawe kando ya makaburi, akaishi kwa uji wa shayiri na sala.

Baadaye wakaja mabwana wapya kutoka magharibi na Kigaeli chao. Hawakumpiga mtu, walioa mabinti wa pale na watoto wakabatizwa kwa majina ya kigeni. Wazee walikufa mmoja mmoja, hata Drustika akakosa wa kumsalimu kwa Kipikti. Alizoea kuwasemesha sili, wale wanyama wa baharini, ufukweni, na watoto wakamtania: "Bibi, leo sili wamesemaje?"

"Wamesema nyinyi mna kelele," alijibu, kisha akaingia ndani kulia.

Mwaka 889 bahari ilimtupa ufukweni mzee mahututi, mtumwa aliyetoroka watu wa meli. Jina lake Talorg. Padri Maelduin hakuelewa maneno yake, akamwita Drustika awe mkalimani wa kitubio.

"Mama yako nani, dada?" mgonjwa aliuliza, kama Wapikti walivyoulizana. Drustika alimjibu kwa furaha. Lakini mzee akaendelea: "Mimi ndiye niliyewaonyesha watu wa meli njia ya kwa watawa. Walimshika mwanangu. Nikawapeleka, na mwanangu wakamwua vilevile."

"Amesemaje, mama?" padri aliuliza.

Drustika angeweza kusema lolote, wala pasingekuwa na wa kumsuta. Alitoka nje, akasimama kwenye upepo hadi mikono ikafa ganzi. Akarudi, akaeleza yote bila kupunguza.

Padri alimtazama kwa huruma. "Utaweza kweli?"

"Wewe mwondolee, baba. Mimi nitafikisha."

Akamfikishia maondoleo. Talorg akauliza, "Hayo ni ya padri, au yako?"

"Ya padri. Yangu yanakuja. Nivumilie."

Akakaa akimlisha uji. Wakazungumza mambo madogo: majina ya ndege, mikate ya mama zao. Mzee alipoanza kukata roho, Drustika alimshika mkono. "Sasa ni yangu," akasema.

Alimzika karibu na Uven, na kwa ombi la marehemu mwenyewe akaitangaza dhambi ile kaburini. Tangu hapo hakusikia tena lugha yake kinywani mwa mtu, hata alipolala katika Bwana mwaka 895.

Wanasimulia kwamba bubu mmoja alifunguliwa ulimi penye kaburi lake, na ndugu waliokosana huenda huko kuanza kusemeshana upya. Nasi tukikabidhiwa rehema tuipeleke kwa adui yetu, tuifikishe nzima, hata pale ambapo hakuna ambaye angejua kwamba tumeipunguza.