Siku Nilipoupa Moto Ushindi Dhidi ya Magma

Sogea nikusimulie, msomaji, ila ucheke taratibu. Mgeni wa Kijapani alisahau kitabu cha vibonzo kwenye gari langu la utalii hapa Karatu; ndani yake mtu wa moto anapigana na mtu wa magma. Dereva mwenzangu Lazaro akashikilia kwamba wa magma ndiye mshindi, maana magma ina joto kuliko moto. Tukakubaliana: atakayekosea ataosha magari yote mawili, na vumbi la kreta tunakopeleka watalii unalijua.

Nikamfunulia kurasa kwa upole. “Ona, kaka. Mtu wa moto kaanza chini, kaungua; mwishoni kasimama anawaka. Magma ni mawe yaliyoyeyuka tu, na mawe hupoza moto.”

Lazaro akachukua ndoo.

Alikuwa akiosha gari la pili mgeni aliporudi kufuata kitabu chake. Akakigeuza kitabu. “Chetu kinaanzia huku.”

Kumbe mtu wa moto alianza akiwaka, akaishia chini amebabuka!

“Mwalimu,” Lazaro akasema, povu hadi viwikoni, “ndoo hii hapa.”

Ukikuta kitabu cha vibonzo cha Kijapani, anzia nyuma, soma kutoka kulia kwenda kushoto.