Mkono wa Kushoto wa Veridiana

Wanaosema mashoto ana bahati michezoni wangemwona dada yangu Veridiana. Bahati hiyo aliipata kweli, na walioiua ni watu waliompenda, mimi nikiwemo. Nikilikumbuka jambo hili hasira hunipanda mpaka leo, na sina sababu ya kuificha.

Alizaliwa Kitangari akitumia mkono wa kushoto. Kila tulipokaa kula, Bibi aliufunga mkono huo kwa kipande cha kanga, maana mkono wa kushoto ni wa choo. Shuleni walimu walimchapa vidole mpaka akaandika kwa kulia, mwandiko mbaya ajabu. Akala kwa kulia, akasalimia kwa kulia, akapokea vitu kwa kulia. Mahali pamoja tu walimsahau, uwanja wa netiboli. Nadhani hakuna aliyeona haja ya kuichunguza michezo ya wasichana.

Pale alikuwa balaa. Walinzi wote wa huku kwetu walizoea kukabiliana na wafungaji wa mkono wa kulia. Mlinzi akinyanyua mkono upande aliouzoea, mpira wa Veridiana umeshapita upande wa pili na kutumbukia kwenye pete. Watu wa Newala wakasema ni uchawi. Uchawi gani? Mashoto walikuwa wachache, kwa hiyo hakuna aliyejifunza kuwazuia. Na walikuwa wachache kwa sababu wenzao wote walichapwa mpaka wakaacha.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kuingia, na kampuni moja iliyofungua ghala Masasi ilitaka timu ya wanawake. Ukichaguliwa unapewa kazi ya kuchambua korosho, na chumba mjini. Veridiana alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kila asubuhi tulishuka bondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi.

"Priska, Masasi kuna bomba," aliniambia njiani. Hakutaka kingine.

Kocha wetu, Mwalimu Benedikto, akawaomba watu wa kampuni waje kututazama tukicheza na timu ya Newala. Gari lao likakwama kwenye mchanga, tukaanza bila wao. Mimi nilicheza senta. Kipindi cha kwanza Veridiana alifunga mara kumi na nne. Wageni wakafika wakati wa mapumziko, wakaketishwa kwenye viti chini ya turubai, nyuma kabisa ya goli ambalo sasa ndilo tulilokuwa tunalishambulia.

Mwalimu Benedikto akatujia mbio.

"Veridiana mwanangu, kipindi hiki tupa kwa kulia."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Meneja amekaa pale mbele yako. Mtu mzima, tena mgeni, umrushie mpira kwa mkono wa kushoto? Atatuonaje?"

Veridiana akanitazama. Nilipaswa kusema, Mwalimu, tuondolee upuuzi wako. Nikanywa maji yangu tu. Na mimi nililelewa na Bibi yule yule.

Akatupa kwa kulia. Mpira mmoja uligonga chuma, mwingine ukapita chini ya pete, mwingine ukamfikia meneja miguuni, naye akaurudisha huku akicheka. Mara kwa mara mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe, akaushusha. Alifunga mara moja tu. Tulishinda kwa zile kumi na nne ambazo wageni hawakuziona.

Mchezo ulipokwisha, meneja alisimama na daftari lake.

"Mwalimu, njiani tumesikia mna msichana mmoja mashoto, hatari sana. Ndiye tunayemtaka. Yuko wapi?"

Mwalimu alidhani anashtakiwa. Akajiweka sawa, akajibu kwa fahari.

"Hapana, mheshimiwa. Hapa tunawafunza adabu. Mashoto hakuna."

Veridiana alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Akainamisha uso, maana kwetu binti hambishii mwalimu wake mbele ya wageni. Mimi nilijua kila kitu. Nilifungua mdomo niseme, na papo hapo meneja akaniuliza mimi naitwa nani. Nikataja jina langu. Akaliandika.

Nilikaa Masasi miaka minne. Nilioga maji ya bomba, yeye akishuka bondeni na ndoo mbili, yake na yangu. Mwalimu Benedikto alikufa akiamini kwamba siku ile alituepusha na aibu. Kuna siku natamani afufuke nigombane naye, kisha nigombane na nafsi yangu.

Krismasi iliyopita nilikwenda kumwona Veridiana. Sasa ana wajukuu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Akaninyooshea mkono wa kulia.

Sikuushika. Nikamwambia, "Leo nipe wa kushoto."

Akageuka kutazama barazani, ambako mkwewe alikuwa amekaa na wageni wawili.

"Watu wanatuona, Priska," akasema kwa sauti ya chini. Mkono wa kulia akauacha pale pale, mpaka nikaushika.