Sahani ya Akina Probert

Hefina Probert aliingia kwa daktari kwa ubavu, kama alivyozoea kuingia kila mlango. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpiga kinanda wa kanisa la Cwm Bedwyn, na koti lake halikukosa kupigwa pasi hata siku moja. Watu wa bonde lile la Wales waliweza kumcheka unene, lakini si mwenendo.

"Nimekuja kuulizia ule upasuaji wa tumbo wa kupunguza unene," alisema. "Ule unaolipiwa na serikali. Nikipanda ngazi moyo unaruka mapigo, na magoti yamekataa kazi."

Daktari Gethin Maddocks, mzaliwa wa palepale kijijini, alimtazama kwa huruma. "Unastahili, Bi Hefina. Ila hospitali kuu hawampokei mtu hivi hivi. Mwezi ujao nitakupima tena. Uzito usipopanda, nawaandikia. Ukipanda, tunaanza upya, na moyo wako hauna muda huo."

"Hautapanda."

"Unakula nini?"

"Asubuhi uji. Mchana supu ya mboga. Jioni yai."

"Hicho ni chakula cha kasuku." Alitabasamu, kisha akaacha. "Na sahani je?"

Hefina akaukumbatia mkoba wake. Tangu enzi za babu wa babu yake, akina Probert walikuwa wakila dhambi za maiti. Mtu akifa, ndugu zake humwekea kifuani kipande cha mkate chenye chumvi, kisha hukipeleka kwenye sahani, kimefunikwa kitambaa cheupe, na kukiacha juu ya ukuta mfupi ulio mbele ya nyumba ya Probert. Probert akila, marehemu huondoka mwepesi. Wachungaji walikwisha kulipiga marufuku jambo hilo, na kila mtu alisema limekoma. Sahani ziliendelea kuja.

"Ni mkate tu," alisema daktari. "Kipande kama kiganja."

"Basi nieleze kwa nini niliongezeka vile wiki aliyozikwa mzee Pugh. Ulinipima wewe mwenyewe."

Daktari alifunga jalada lake. "Acha kula, basi."

"Mama aliniachia neno moja tu, kwamba Probert hakatai sahani. Jina letu ndilo hilo."

"Jina halina moyo wa kusimama, Bi Hefina. Wewe unao."

Kabla mwezi haujaisha, baba yake daktari, mzee Ifor Maddocks, alifariki. Asubuhi iliyofuata, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, Hefina aliikuta sahani ukutani. Ilikuwa nzito kama sufuria iliyojaa maji, na chini ya kitambaa ilikuwa bado na joto. Mbwa wake akajificha chini ya meza. Alipofunua, jikoni kukajaa harufu ya moshi wa nyasi kavu, na ndani yake harufu ya sufu inayoungua. Akalikumbuka zizi la akina Pugh, lililoteketea pamoja na kondoo wao, na hadi leo hakuna aliyejua chanzo.

Mate yalimjaa mdomoni. Mkono ulikuwa umeshaushika mkate pale moyo uliporuka pigo, ukakawia kurudi. Akaurudisha mkate, akafunika sahani, akavaa koti.

Nyumbani kwa Maddocks, ng'ambo ya barabara, wafiwa walikuwa sebuleni wakinywa chai. Hefina alizunguka hadi mlango wa jikoni, asije akaiaibisha nyumba yao wala yake mwenyewe. Gethin alifungua, na alipoona kitambaa uso ukamshuka.

"Kuna watu, Bi Hefina."

"Ndiyo maana nimepita huku. Sahani ya baba yako hii. Haijakataliwa, imerudi kwa mwenyewe. Mimi daktari wangu amenikataza."

"Mama ndiye aliyeipeleka. Mimi siamini mambo haya."

"Ni mkate tu," alisema Hefina. "Kula."

Gethin alicheka kidogo, akaumega, akatia mdomoni. Kicheko kikafia hapo. Alitafuna muda mrefu sana kwa kipande kidogo vile, akakaa kwenye kigoda, na kigoda kikalia. Harufu ya moshi ikatoweka jikoni. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi kidogo, na katika upenyo ule alisimama Olwen, shangazi yake Gethin, na kikombe mkononi, akitazama.

Siku ya kupimwa, uzito wa Hefina ulikuwa umepungua. Gethin aliwaandikia hospitali kuu palepale, kama alivyoahidi. Shati lilikuwa limembana, na alipotaka kumsindikiza aliegemeza mikono yote miwili mezani ndipo akaweza kuinuka. Hefina aliujua mwinuko ule.

"Bi Hefina," alisema kwa sauti ya chini, "ladha ile huisha lini?"

"Haiishi. Na ulichokionja hukisemi, hata kwa mama yako. Heshima ya marehemu iko hapo, na ya kwako pia."

"Lakini zizi la akina Pugh..."

"Hata kwangu."

Alitoka, na mlango haukumbana kama zamani. Kengele ya kanisa ilikuwa ikilia kwa ajili ya mtu aliyefariki bonde la juu. Alipofika kwake aliutazama ukuta, kwa mazoea. Ulikuwa mtupu. Ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa nyumba ya daktari, kitambaa cheupe kilikuwa kikipepea pembe moja. Upepo haukuwapo.