Chumba Kando ya Bembea

Kila nikisikia harufu ya mawese ya moto, namkumbuka mama. Tulikuwa tumetoka Wamaza kwa miguu kusherehekea Idi mjini Kasongo. Shangazi alitukaribisha kwake, nyumba ya matofali yenye utulivu, lakini mama alichagua chumba cha udongo kando ya uwanja wa sikukuu, wenye bembea ya mbao ya kuzunguka ambayo mhimili wake ulilainishwa kwa mawese.

"Wifi, kule iko kelele, hamutalala," shangazi alisema.

"Mutoto hakutembea njia yote ile juu ya kuja kulala."

Asubuhi, kabla watu hawajajaa, mama alikaza kitenge chake akapanda pamoja nami. Bembea ilipochanganya mbio, mimi nilifumba macho kwa woga. Yeye alicheka kama msichana, akamwita mwenye bembea:

"Papa, sukuma tena!"