Homoni ya Paka wa Mama

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alirudi kutoka masomoni Ulaya miaka ya sabini akiwa daktari wa mifugo, na kwa bahati mbaya yetu akapangiwa Mpanda. Ng'ombe aliwatibu wachache. Nadhani aliona hawana hadhi ya elimu yake.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, bado nakaa kwa mama, Misunkumilo, hapo hapo Mpanda. Paka wa mama, mlinzi wa ghala la mahindi, akaacha kula. Akajikunja karibu na mafiga, manyoya yamesimama, udenda unamtoka. Mama akamwita ndugu yake.

Mjomba alikuja na koti jeupe. Akampapasa paka shingo, akatangaza kwamba humo kuna tezi inayotoa homoni, na mnyama akizidiwa na ugonjwa wowote ule, homoni hiyo hupungua kwenye damu.

"Ikishuka sana, hafiki mbali. Nikiipima nitajua kama atapona au atakufa."

"Kwa hiyo anaumwa shingo?" mama akauliza.

"Hapana, dada. Shingo ni nzima."

"Sasa anaumwa nini?"

"Hilo ni swali jingine."

Nikamshika paka miguu, mjomba akamtoa damu. Paka alikuwa hoi, lakini nguvu za kumparura daktari alizipata. Damu ikapanda treni kwenda Dar es Salaam, maana kwetu mashine ya kuipima haikuwepo. Mama akaomba dawa.

"Tusubiri majibu kwanza," mjomba akasema. "Kutibu kwa kubahatisha ni ushamba."

Basi tukasubiri kisomi. Mama alimnywesha paka uji mwepesi kwa kijiko, akimbembeleza kama mtoto. Paka akafa tukiwa bado tunasubiri. Mama alilia, mimi nikamzika nyuma ya jiko.

Majibu yalipokuja, mjomba alifika kwetu mbiombio, uso unang'aa kama bwana harusi.

"Dada! Homoni iko chini kabisa! Si nilisema? Huyu paka haponi!"

Mama aliendelea kupepeta mchele. "Yuko nyuma ya jiko. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Mjomba hakuona aibu hata kidogo. Kwake yeye, kipimo kilikuwa kimefaulu. Mama alipopata paka mwingine kutoka Kasokola, mzima wa afya, mjomba akaja tena na sindano. Sasa alitaka damu ya kulinganisha. Mama akamkaribisha kiti, akampa ugali na dagaa wa Ikola, akamsikiliza mpaka akamaliza. Paka alikuwa amefungiwa chumbani, na ufunguo mama alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga.